Fimbo ya Kudondoshea Chambo Kwenye Maficho: Hitilafu Zinazojirudia na Jinsi ya Kuzitatua

Malalamiko kuhusu fimbo hizi za kuvulia samaki hufanana. Samaki kagonga, hakunasa. Kanasa, kachomoka. Kakimbilia kwenye visiki na uzi umekatika. Mwenye fimbo anahitimisha kwamba ni laini mno, ananunua iliyo ngumu zaidi, na baada ya muda anarudi na malalamiko yaleyale.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa uvuvi mwingi wa mshipi nakubaliana nao. Kwa huu wa kudondosha chambo ndani ya magugu, matete na visiki, jembe lina maneno yake. Chambo hakirushwi mbali. Unavuta uzi kwa mkono usioshika fimbo, unakiachia kibembee chinichini, kinatua taratibu kwenye tundu la magugu mita 4 hadi 6 kutoka ulipo. Ukiliachia gurudumu la rili, kifaa cha kukunjia uzi kilichofungwa kwenye fimbo, lizunguke, unafika mita 10 au kidogo zaidi. Mvuvi anayerusha mita 30 ana mita 30 za uzi wa kumpunguzia mshtuko. Wewe una mita 5. Nguvu yote ya kuvuta inaishia kwenye vitu vitatu: fimbo, ndoano na mdomo wa samaki. Fimbo isipopinda, ndoano itanyooka au mdomo utachanika. Ikipinda kupita kiasi, samaki ameshaingia kisikini.

Herufi zilizochapishwa juu ya mpini zina maana. M, MH, H na XH zinaeleza ugumu, kutoka wa wastani hadi mkubwa kabisa. F, MF na XF zinaeleza inapopindia: XF hupinda nchani tu, F hupinda kwenye theluthi ya juu, MF hushuka zaidi kuelekea katikati. Pembeni huandikwa uzito wa chambo kwa aunsi (aunsi 1 ni gramu 28) na nguvu ya uzi kwa ratili (ratili 1 ni takriban nusu kilo). Usitegemee kwamba H ya mtengenezaji mmoja ni sawa na H ya mwingine. Hakuna kipimo cha pamoja kinachowabana, kwa hiyo namba za uzito wa chambo zina ukweli zaidi kuliko herufi.

Anagonga, unavuta, hanasi

Anza na ndoano, hata kama fimbo umeinunua jana. Buruta ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe au itupe. Kisha tazama nafasi kati ya ncha na shina. Chambo nene cha plastiki kikijaa kwenye nafasi hiyo, ncha haina pa kutokea, na unachovuta ni plastiki kutoka kinywani mwa samaki. Kwa chambo chembamba ndoano ya ukubwa wa 3/0 inatosha. Kwa kinene panda hadi 4/0 au 5/0. Shina lililonyooka lenye waya mnene ndilo linalofaa kwa kazi hii.

Cha pili ni breki ya rili, ile inayomwachia samaki uzi. Vaa glovu au funga kitambaa mkononi, shika uzi mbele ya rili, uvute kwa mshtuko kama unavyovuta samaki. Gurudumu likitoa uzi, hata sentimita chache, umepata mwizi wako. Katika uvuvi huu breki hukazwa karibu kabisa, kwa sababu samaki anayepewa uzi ndani ya maficho harudi nao. Ikiwa umekaza hadi mwisho na bado inateleza, vishikizo vya ndani vimelowa mafuta au vimelika. Kuvisafisha si kazi ngumu kwa aliyewahi kufungua rili. Kama hujawahi, mpelekee fundi, maana rili zina springi ndogo zinazoruka na hazionekani tena.

Cha tatu hakihusu kifaa. Mara nyingi samaki huchukua chambo kikiwa bado kinazama: uzi unaruka kidogo, unasogea pembeni, au unasimama kabla chambo hakijafika chini. Unapokuja kuhisi uzito mkononi, uzi uko kwenye upinde na mkupuo wako wote unaliwa na ulegevu. Shusha ncha ya fimbo, zungusha rili hadi uzi uguse kunyooka, ndipo uinue kwa nguvu. Tazama pale uzi unapoingia majini. Usimtazame mwenzako.

Hayo yakiwa sawa, sasa shuku fimbo. Jaribio lake ni rahisi. Funga mizani ya springi kwenye mti au nguzo, fungia uzi moja kwa moja kwenye mizani bila ndoano wala kizito cha kuzamishia chambo, simama mita 5, vuta kama unavyovuta samaki, na mtu mwingine asome namba. Mtu huyo asimame pembeni, asiwe kwenye mstari wa uzi, na nyote mvae miwani. Usishangae mizani ikisoma kilo chache tu. Fimbo ni wenzo unaokufanyia kazi kinyume: mikono yako imekaa karibu na kitako, samaki yuko upande mrefu. Ikiwa fimbo imepinda hadi karibu na mpini na mizani haijasogea sana, ni laini mno kwa ndoano nene. Fimbo ya MH inaweza kutosha kwa ndoano nyembamba kando ya matete machache. Kwa ndoano ya waya mnene ndani ya magugu, nenda H.

Kuna imani kwamba fimbo ndefu inachoma kwa nguvu zaidi. Sivyo. Fimbo ndefu husogeza uzi mwingi kwa mkupuo mmoja, na hilo lina faida uzi ukiwa na ulegevu, lakini kwa ugumu uleule nguvu inayofika kwenye ndoano hupungua kadiri ncha inavyokwenda mbali na mkono wako.

Ananasa, kisha anachomoka njiani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa jibu la kwanza la wengi ni kununua fimbo ngumu zaidi, wakati mara nyingi ugumu ndio ugonjwa.

Anza kwa kuangalia ndoano baada ya kumkosa. Imefunguka hata kidogo? Waya ni mwembamba kwa fimbo uliyo nayo. Badilisha ndoano, usibadilishe fimbo. Ndoano ikiwa nzima na kali, jiulize unatumia uzi gani.

Uzi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa. Ukiuweka kwenye fimbo ya XH yenye mpindo wa nchani tu, na uko mita 5 kutoka kwa samaki, hakuna kinachoupokea mshtuko. Ndoano inachana mdomo na kufungua tundu kubwa kuliko waya wake. Samaki anapogeuka au kutikisa kichwa, inatoka tu. Dalili yake ni hii: anashika vizuri, unamhisi sekunde mbili tatu, kisha anachomoka akiwa karibu nawe na ndoano haina kasoro. Dawa ni fimbo ya H yenye mpindo wa MF au F ya upole, au kubaki na fimbo yako na kupunguza mkupuo. Kwa uzi wa kusuka huhitaji kuvuta kama unayeng'oa muhogo. Zungusha rili kwa kasi, inua fimbo kwa nguvu ya kawaida, ncha ya ndoano itapita.

Ukitumia nailoni au flurokaboni, hesabu inageuka. Nyuzi hizi hunyumbuka, na fimbo inatakiwa iwe ngumu zaidi kidogo ili kufidia. Hapo H au XH yenye mpindo wa F ndiyo yake. Mtu mmoja akiisifia fimbo na mwingine akaiponda, uliza kwanza kila mmoja ametia uzi gani. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Sababu ya tatu ni kumwachia nafasi. Unamkita, unashangilia nusu sekunde, rili imesimama. Samaki anakuja kwa kasi kuelekea ulipo na uzi unalegea. Rili yenye uwiano wa 7:1 hadi 8:1, yaani mzunguko mmoja wa mkono wake ukilizungusha gurudumu mara 7 au 8, husaidia kumfuata. Ya 5:1 itakuchelewesha, hata ukiwa na fimbo nzuri kiasi gani.

Iliyo nadra ni ndoano kushika ngozi nyembamba pembeni ya mdomo. Hiyo ni bahati mbaya, haina matengenezo.

Anazama kwenye magugu au anajifunga kisikini

Kwanza pembe. Ukimvuta kwa kulaza fimbo pembeni, unamburuta kupitia kila shina lililoko njiani. Mvute juu, kichwa chake kitoke majini mapema iwezekanavyo, kisha usimpe nafasi ya kukigeuza.

Pili uzi. Kwa magugu mazito tumia uzi wa kusuka wa ratili 50 hadi 65, ambao hukata mashina laini wakati unavuta. Kwa visiki na matawi magumu wengi hupendelea flurokaboni ya ratili 20 hadi 25, maana uzi wa kusuka huingia kwenye mti uliooza na kukwama humo.

Tatu ndipo fimbo. Yenye mita 2 au chini yake haikupi nafasi ya kumwinua juu ya magugu kabla hajajipanga. Urefu uliozoeleka ni futi 7 na inchi 3 hadi futi 8, yaani mita 2.2 hadi 2.44. Kuna historia nyuma ya namba hizo. Dee Thomas wa California, aliyeupeleka mtindo huu kwenye mashindano ya Marekani ya kuvua samaki aina ya besi katika miaka ya 1970, alikuwa amezoea fimbo ndefu sana za kudondoshea chambo kwenye matete, na sheria za mashindano zikamlazimisha kutumia fupi zaidi. Kutoka hapo fimbo ya futi 7 na nusu, mita 2.29, ikawa kipimo cha kuanzia, na mpaka leo sioni sababu ya anayeanza kununua nyingine.

Akishajifunga, acha kuvuta kwa fimbo. Isogelee sehemu hiyo na chombo chako kama ni salama, elekeza fimbo moja kwa moja kwa samaki isipinde, uvute uzi taratibu ukiwa umeuzungushia kipande cha mti. Usiuzungushe mkononi wala kidoleni: uzi wa kusuka uliokazwa hukata nyama hadi ndani. Na usiingie majini kumfuata kwenye magugu usiyoyajua chini yake. Kata uzi.

Chambo hakipenyi, kinakaa juu ya zulia la magugu

Karibu kila mara ni uzito. Gramu 7 hadi 14 zinatosha kwa matete yaliyoachana na matawi. Magugu yaliyosongamana yanataka gramu 21 hadi 28. Zulia lililoshikana juu ya maji linaanzia gramu 35 na kufika 56. Kizito cha tungsteni hupenya vizuri kuliko cha risasi, kwa sababu kwa uzito uleule ni kidogo kwa umbo.

Angalia pia kama kizito kinaachana na chambo. Kikitangulia peke yake chini, chambo kinabaki juu kimening'inia. Kizuizi kidogo cha mpira juu ya kizito kinakibana mahali pake. Halafu punguza mikono na mikia ya chambo: chembamba na laini hupenya, chenye madoido hukwama.

Fimbo inaingia pale unapopandisha uzito. Ukining'iniza gramu 42 kwenye fimbo iliyoandikwa mwisho aunsi 1, ncha inalala, huwezi kulenga, na unapokita ndoano fimbo imeshatumia sehemu ya mpindo wake kubeba risasi. Kazi ya kutoboa zulia ni ya XH, na ndiyo karibu kazi pekee ambayo ningemshauri mtu aitafutie.

Chambo kinatua kwa kishindo au hakifiki unapolenga

Hili ni la mazoezi kuliko la kifaa, ila kuna mambo machache ya kukagua. Urefu wa uzi unaoning'inia kabla ya kurusha uwe unafika usawa wa rili au juu yake kidogo. Ukiwa mrefu zaidi chambo kinagonga maji kabla ya kuondoka. Chambo kikiruka juu kama kinapanda ngazi kabla ya kushuka, unakiachia kwa kuchelewa. Kinatakiwa kipite karibu na uso wa maji njia nzima.

Gurudumu likizidi kasi na uzi ukavurugika, kaza kidogo kidhibiti cha mrusho kilicho pembeni ya rili hadi chambo kishuke polepole kwa uzito wake, kisha kilegeze hatua kwa hatua kadiri kidole gumba kinavyozoea.

Fimbo huwa na lawama katika hali mbili. Ya kwanza ni urefu usiolingana na wewe: ukiwa mfupi wa kimo, au ukivua umekaa, fimbo ya mita 2.44 itakuwa inagonga maji kwa ncha. Shuka hadi mita 2.2. Ya pili ni mpini mrefu unaokwama kwenye nguo au kiwiko kila unapobembeza. Kitako cha mpini kinatakiwa kifike karibu na kiwiko chako, kisipite sana.

Uzi unakatika

Tazama ulipokatikia. Ukiwa na mkunjo kama mkia wa nguruwe mwishoni, fundo limefunguka au kuteleza. Lilowanishe kabla ya kulikaza, na kwa uzi wa kusuka usitumie fundo la mizunguko michache. Ukikatikia karibu na ndoano na mwisho ukawa umechakaa, ni visiki au ukingo wa kizito. Kata kipande kilichochubuka na ufunge upya, kila baada ya samaki mkubwa au kukwama kwa nguvu.

Ukikatika juu, mbali na ndoano, kagua pete za fimbo ambamo uzi hupita. Chukua kipande cha pamba au soksi nyembamba ya nailoni, ipitishe ndani ya kila pete na uizungushe. Ikiacha nyuzi, kuna ufa kwenye duara la ndani. Ufa huo unaweza usionekane kwa macho, lakini unasaga uzi kila unapopita. Anza na pete ya nchani, ndiyo inayoumia zaidi.

Pete ya nchani unaweza kuibadilisha mwenyewe. Pasha moto chuma chake kwa kiberiti cha gesi kwa sekunde chache, moto uelekee kwenye chuma na usiguse fimbo, ichomoe kwa koleo, safisha, paka gundi ya kuyeyuka kwa moto na uvalishe mpya ya kipenyo kilekile, ukiipanga mstari mmoja na nyingine. Isipotoka kwa joto dogo, usiongeze moto: utomvu unaoshika nyuzi za kaboni huharibika, na fimbo itavunjikia hapo siku nyingine. Pete zilizofungwa kwa uzi na kufunikwa kwa utomvu, waachie mafundi wa fimbo.

Kiganja na kiwiko vinauma

Unabembeza chambo mara mamia kwa siku, hivyo fimbo nzito nchani inakuadhibu. Funga rili, weka kidole kimoja chini ya fimbo mbele kidogo ya rili, achia. Ncha ikianguka chini kwa nguvu, mizani yake ni mbaya. Uzito kidogo kwenye kitako husaidia, japo unaongeza uzito wa jumla. Afadhali fimbo nyepesi nchani tangu mwanzo, na hapa ya kaboni huishinda ya faibaglasi kwa mbali. Mpini mwembamba mno nao huchosha, kwa kuwa unaukamua bila kujua.

Maumivu yanayobaki siku inayofuata, ganzi vidoleni au kushindwa kushika kikombe si mambo ya kubadilisha fimbo. Pumzika na umwone daktari.

Fimbo imevunjika

Mahali ilipovunjikia panasimulia.

Ikikatika sentimita chache kutoka nchani, mara nyingi kosa lilitokea nje ya maji: mlango, kifuniko, au kizito kuzungushwa hadi kikagonga pete ya juu.

Ikikatika theluthi ya juu ukiwa na samaki karibu, ulisimamisha fimbo wima au ukaivuta nyuma ya bega. Fimbo ikipita wima, mzigo wote unahama kutoka kwenye sehemu nene yenye nguvu na kukusanyika kwenye sehemu nyembamba. Aina ya H haina kinga dhidi ya hilo. Samaki akiwa mita 2 kutoka kwako, shusha fimbo na umchukue kwa wavu au kwa mkono. Kumbeba hewani kwa fimbo ni desturi ya wanaoshindana na saa; kama huna haraka hiyo, iache.

Ikikatika katikati ghafla, kwa samaki mdogo au hata wakati wa kurusha tu, inawezekana ilikuwa imejeruhiwa zamani. Kizito cha gramu 28 kikiigonga fimbo ya kaboni kwa kasi, au fimbo ikigonga ukingo wa chombo, hubaki ufa mdogo usioonekana. Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye mpini hadi nchani huku ukiizungusha. Ukihisi shimo, mstari au sehemu laini, usiitumie kwa kazi nzito.

Ikikatika juu tu ya mpini au kwenye kiungo, kagua kama kiungo kilikuwa kimekaa vizuri. Kiungo kinacholegea kidogo hutoa mlio mwepesi kabla ya kupasuka. Sababu nyingine ni kung'oa chambo kilichokwama kwa kutumia fimbo iliyopinda, kazi ambayo hakuna fimbo iliyoundwa kuifanya.

Usishike sehemu iliyovunjika kwa mkono mtupu. Nyuzi za kaboni huingia kwenye ngozi kama sindano na hukatikia ndani. Zilizoingia jichoni, usizitoe mwenyewe: funika jicho bila kulikandamiza na uende hospitali. Hivyohivyo kwa ndoano iliyozama karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo cha kidole. Kata uzi, iache ilipo, mtaalamu aitoe, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Kuna moja zaidi ambalo halina utatuzi. Kaboni hupitisha umeme. Ukisikia radi, laza fimbo na utoke majini. Usiipitishe karibu na nyaya za umeme za juu, hata ukiwa unatembea tu kwenye njia ya kuelekea ufukweni.

Ukithibitisha kwamba kweli ni fimbo

Anza kwa kuandika chini vitu vitatu: maficho unayovulia zaidi, uzi utakaotumia, na ndoano. Fimbo ichaguliwe mwisho. Kwa magugu ya kawaida na uzi wa kusuka, chukua H, mpindo wa MF au F, mita 2.29. Kwa visiki na flurokaboni, H yenye F, urefu uleule au pungufu kidogo. Kwa zulia zito na vizito vya gramu 42 na zaidi, XH, mita 2.4. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua ya kwanza. Itafanya kazi ya pili vizuri na ya tatu kwa shida.

Nenda dukani na rili yako. Ifunge, pitisha uzi kwenye pete zote, uning'inize kizito unachotumia, uone ncha inalala kiasi gani. Tazama fimbo kwa jicho moja kutoka kitakoni kama pete zimenyooka mstari mmoja. Shika kiti cha rili, ukizungushe kushoto na kulia: kikicheza hata kidogo, irudishe. Muuzaji asikuonyeshe ugumu kwa kukandamiza ncha darini au sakafuni, maana huko ndiko kuivunja. Mwombe ashike mwisho wa uzi, wewe uinue fimbo taratibu hadi pembe ya digrii 45, na uangalie inaanzia wapi kupinda na inaishia wapi.